Kinjia Kisicho na Macho

Théodore alikuwa mpima viwanja. Miaka thelathini na miwili alitembea Bunia, mji wa mashariki mwa Kongo, na mnyororo wa chuma begani, akipiga vigingi ardhini na kuwaambia watu: hapa ni kwako, hapa si kwako. Mtaa aliokuwa akikaa aliugawa yeye mwenyewe alipokuwa bado kijana, na kati ya safu mbili za malupango, yaani viwanja vya nyumba, aliacha kinjia cha mita nne, kutoka barabara ya soko hadi kwenye bomba la maji. Wakati ule nyumba zilikuwa za udongo na nyua zilikuwa za matete. Mtu aliyepita pale alisalimiwa mara kumi kabla hajafika bombani. Mwenye haraka alizunguka barabara kubwa, maana kinjiani salamu zingemchelewesha.

Kisha vita ikaja, ikapita, ikarudi, ikapita tena. Watu walikimbia. Wengine walirudi, wengine waliuza viwanja vyao kimyakimya na hawakuonekana tena. Mji ulipoanza kutulia, kila aliyepata kitu kidogo alinunua matofali. Kuta zikapanda mita mbili, mita tatu, juu yake vipande vya chupa. Na kila aliyejenga alijimegea hatua moja ya kinjia. Théodore aliyaona yote hayo. Alikuwa bado kazini, karatasi zilipita mezani kwake, naye akatia sahihi. Angekataaje? Ukuta wa kwanza kabisa kumega kinjia ulikuwa wake.

Aliujenga kwa ajili ya mke wake, Claire. Tangu vita, Claire hakupata usingizi. Alikaa kitandani macho wazi, akisikiliza hatua za wapita njia. Théodore akaleta matofali, akaupandisha ukuta hadi mita tatu, na pale kwenye pembe ya jikoni akausogeza ndani ya kinjia ili apate nafasi ya kuweka kuni. Siku ukuta ulipokwisha, Claire alilala hadi jua likatoka. Alilala vizuri miaka minne, kisha moyo ukamsumbua, akafa, akamwacha Théodore na binti yao mmoja, Divine.

Kinjia nacho kikawa kama mfereji. Watu wawili wenye bidoni za maji hawakuweza kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Na katikati, pale pembe ya jikoni ya Théodore ilipojitokeza, njia ilijipinda. Anayetoka sokoni hakuweza kumwona aliyesimama nyuma ya ile pembe mpaka amfikie.

Ilikuwa mwezi wa tatu, miaka minane baada ya ile vita ya mjini. Saa kumi na mbili jioni, Théodore alikuwa amekaa ndani ya ua, kiti amekiegemeza ukutani, akisikiliza habari redioni. Akasikia kitu upande wa pili: miguu, kitu kuanguka, sauti ya mwanamke iliyokatika kabla haijawa neno. Akapunguza redio. Akasikiliza. Vita ilikuwa imewafundisha watu wa Bunia jambo moja, kwamba kelele isiyo ya kwako usiifungulie mlango. Alingoja kidogo. Kukawa kimya. Akaongeza sauti ya redio.

Punde si punde lango likagongwa kwa mguu. Alipofungua, alimkuta Divine amesimama, mkono wa kulia umeushika wa kushoto, damu inapita katikati ya vidole. Alikuwa akitoka shule ya uuguzi. Watu wawili walimngojea nyuma ya pembe, wakamnyang'anya mkoba na simu, na alipong'ang'ania mkoba wakamkata, wakampiga usoni.

Hospitalini walimshona nyuzi kumi na moja. Shavu lilikuwa limevimba hata jicho likafumba. Théodore alikaa kando ya kitanda, ameshika kofia yake. Divine akamgeukia kwa jicho moja, akasema, "Papa, nilisikia redio yako."

Théodore akaigeuza kofia mikononi.

Wiki tatu baadaye Divine alipanda ndege kwenda Kisangani, kwa mama yake mdogo. "Nitamalizia masomo kule," alisema uwanjani. "Nitarudi bintu ikitulia." Théodore aliitikia kwa kichwa. Alirudi kwa miguu kutoka uwanja wa ndege, umbali wote ule, kwa sababu hakuona sababu ya kuwahi.

Nyumba ikawa kubwa. Kwa mazoea alipika sombe, majani ya muhogo, ya watu wawili, akaila siku mbili. Asubuhi alifagia ua uliokwisha kuwa safi. Ukuta ulimzunguka pande zote, na juu yake aliona mbingu ya umbo la lupango lake, pembe nne kamili, kama alivyoipima. Siku nyingine alifika jioni akagundua kwamba tangu asubuhi hajasikia sauti yake mwenyewe. Ndipo akasema, "Haya," kwa sauti, ili asikie kama bado ipo.

Siku moja alitoa ule mnyororo wa zamani chini ya kitanda, akaufuta kutu, akatoka nao kinjiani. Alipima upana mahali kumi na mbili. Palipo papana palikuwa na mita mbili na kidogo. Penye pembe yake palikuwa na mita moja na sentimita kumi. Kisha akachukua kiti, akakaa barabarani mdomoni mwa kinjia, akawatazama wapitao. Alifanya hivyo siku tano, mchana mpaka jioni. Akaona kwamba wanawake wanaotoka bombani huanza kuharakisha mbele ya lango la bati la jirani yake Hubert, hukimbia kwenye pembe ya jikoni, na hupumua wakiiona barabara. Watoto waliotumwa maji walipita wawili wawili, wakiimba kwa sauti kubwa ili kujitia moyo. Katika mita sitini zote hakukuwa na dirisha hata moja, wala lango moja lililo wazi, wala mtu mmoja ambaye angeweza kuona kinachotendeka. Watu mia walikaa karibu na kinjia kile, kila mmoja nyuma ya matofali yake. Mwizi hakuhitaji giza. Walikuwa wamemjengea chumba.

Siku ya sita akachukua nyundo na tindo, akapanda ngazi, akaanza kuutoa ukuta wake tofali moja moja kuanzia juu.

Kelele zilimtoa Hubert nje. Hubert alikuwa mfanyabiashara wa saruji na misumari, mtu wa miaka sitini hivi, na ukuta wake ndio uliokuwa mrefu kuliko zote.

"Muzee Théodore, unafanya nini?"

"Ninashusha."

"Ninaona. Juu ya nini?"

"Batu bapate kuona mu njia."

Hubert alitazama matofali yaliyolala chini, kisha akamtazama jirani yake kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Sikia," alisema polepole. "Ile mwaka balipoingia mu muji, nilikuwa tayari na ukuta, mimi na bibi na batoto sita tulilala chini nyuma ya hii ukuta siku ine. Balipita hapa hapa, tulikuwa tunasikia bunduki zao zinagonga tofali. Hawakutuona. Ukuta njo ilituokoa. Na weye unaniambia batu baone?"

Théodore aliweka nyundo chini. Yale aliyosema Hubert yalikuwa kweli. "Mutoto wangu balimukata hapa," alisema mwishoni. "Nilikuwa mita mbili."

Hubert akatikisa kichwa, akaingia ndani, akafunga lango la bati.

Kazi ilichukua siku tisa. Théodore aliushusha ukuta wa upande wa kinjia hadi usawa wa kiuno. Ile pembe ya jikoni aliibomoa yote, akairudisha mahali kigingi chake cha zamani kilipokuwa, na badala ya pembe kali aliukata ukuta kwa mshazari ili njia inyooke. Alitoboa dirisha jikoni, likatazama nje. Alipomaliza aliketi uani, na kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi akaona vichwa vya watu vikipita. Walishtuka kumwona. Wengine waligeuza uso upesi, kana kwamba wamemkuta mtu anaoga.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye bidoni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Jina lake Emérance. Alitoka upande wa Nizi, akakimbia na watoto, na sasa alipanga chumba nyuma ya bomba. Théodore hakumuuliza lugha ya nyumbani kwake. Vita ilikuwa imewagawa watu kwa makabila; Bunia, swali hilo mtu huliacha, na jibu hulijua.

"Papa," alisema, "haya matofali ya kuvunjika, utayatupa?"

"Chukua."

"Sitaki kubeba. Nauliza kama naweza kuyapanga hapa hapa, niweke mbabula yangu ya makaa. Mimi nachoma mandazi barabarani, lakini polisi banatufukuza. Hapa naona njia imekuwa na nafasi."

Théodore aliitazama ile nafasi, mahali pale hasa ambapo wale wawili walimngojea binti yake. "Weka," alisema.

Basi kuanzia saa tisa kila siku kukawa na moshi wa mbabula na harufu ya mafuta. Wenye bidoni walizitua kidogo, wakala andazi moja wamesimama, wakaendelea. Baadhi walikaa juu ya ukuta mfupi. Théodore na Emérance hawakuzungumza sana. Alimpa maji ya kunawa, naye akampa andazi la mwisho. Kisha jioni Emérance alikusanya vyombo vyake, akasema, "Lala salama, papa," akaenda. Ua ukabaki wazi na mtupu, sasa utupu wake ukionekana na kila mtu.

Mwezi wa pili tangu ashushe ukuta, wezi waliingia. Théodore alikuwa kanisani Jumapili asubuhi, na aliporudi hakukuta viti vya plastiki, wala beseni, wala kitenge cha Claire alichokuwa amekitandaza kwenye kamba kipate jua. Viti havikumuuma. Alisimama mbele ya kamba akigusa vibanio viwili vilivyobaki. Kitenge kile kilikuwa bado na harufu ya sanduku lake.

Hubert alikuja kutazama. Hakucheka. "Nilikuambia," alisema tu, na kwa kuwa alilisema kwa huruma, liliuma zaidi.

Jumatatu Théodore alichanganya saruji. Alikuwa ameshapanga mistari miwili ya matofali juu ya ukuta mfupi Emérance alipofika na mbabula yake kichwani. Aliishusha, akatazama.

"Unafunga?"

"Baliniibia bintu ya bibi yangu."

"Nilisikia. Pole." Alikaa juu ya bidoni yake. "Ukifunga, nitarudi barabarani. Hapa mu kona, peke yangu, siwezi kukaa."

"Unajua Hubert anasema ukuta ilimuokoa."

"Labda ni kweli." Emérance alikwangua masizi ya mbabula kwa kijiti. "Kule kwetu hatukuwa na ukuta. Kijiji kizima tulikuwa tunaonana, kila mutu anajua mwenzake. Balikuja tu. Balitukata tukionana." Alisema hivyo bila kuinua sauti. "Siku ya vita, ukuta ao hapana ukuta, ni Mungu iko anajua. Lakini vita haiji kila jioni, papa. Mwizi anakuja kila jioni. Na mwizi anaogopa mutu anayemutazama. Jana hapakuwa mutu. Weye ulikuwa kanisani, na mimi vilevile. Njo maana."

Théodore alikaa na mwiko mkononi mpaka saruji ikaanza kukauka. Kisha akaitoa ile mistari miwili. Jumapili iliyofuata, Emérance alipanga kwenda ibada ya kwanza naye akaenda ya pili, na yule aliyebaki alikaa uani.

Faida ya ukuta mfupi ilijulikana mwezi wa nane. Saa kumi na moja na nusu, Ornella, mjukuu wa Hubert, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa akirudi kutoka mazoezi ya kwaya. Théodore alikuwa akimenya viazi. Alimwona anaingia kutoka barabarani akitembea upesi, na nyuma yake wanaume wawili ambao hawakuwa wa mtaa. Msichana alipofika pale ambapo zamani njia ilijipinda, hakukimbia. Aliweka mkono juu ya ukuta mfupi, akavuka, akaingia uani, akasimama nyuma ya kiti cha Théodore kama aliyekuja kumtembelea.

Théodore alisimama. Kisu cha viazi kilikuwa bado mkononi. Emérance naye alinyooka, kijiko cha mafuta kimetulia hewani. Wanawake watatu waliokuwa wakila waliacha kutafuna. Wote waliwatazama wale wawili usoni.

Wale wanaume walipunguza mwendo. Mmoja akasema, "Bonsoir, muzee."

"Bonsoir," akajibu Théodore.

Wakapita, wakaenda zao, hawakuonekana tena. Ornella alipewa andazi, akalila amesimama nyuma ya kile kiti.

Kesho yake Hubert alifika na futi ya kupimia. Hakugusia mjukuu wake. Aliupima ukuta wa Théodore, akaandika kwenye kiganja. "Yako iko mètre moja," alisema.

"Mètre moja na kumi."

"Mimi siwezi kushuka hapo. Bibi atakufa na woga." Alisita. "Lakini lango naweza kubadilisha. Nitoe bati, niweke ya vyuma, mutu aone inje. Mchana tu. Usiku nitafunga bati yangu kwa ndani."

"Itasaidia," alisema Théodore.

"Usiku bado naogopa."

"Mimi vilevile."

Lango la vyuma likawekwa. Jirani wa tatu alitoboa dirisha. Wa nne na wa tano walikataa, na kuta zao zimesimama na chupa zake mpaka leo. Lakini kinjiani hakunyang'anywa mtu tena mwaka ule, na wanawake wa bombani waliacha kukimbia.

Jumapili moja Divine alipiga simu, kama alivyopiga kila Jumapili. Alikuwa ameshasikia habari za Ornella kutoka kwa rafiki.

"Umefanya vizuri, papa," alisema.

Théodore alikuwa amesimama uani. Watu walikuwa wakipita, akawageuzia mgongo. Neno hili alikuwa amelibeba miezi saba, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. "Divine," alisema. "Ile siku nilisikia. Nilisikia, na sikutoka. Sikujua ni weye, lakini nilisikia."

Upande wa pili alisikia mlango ukifungwa.

"Najua," alisema Divine. "Redio ilipunguka. Nikasema mu roho, papa ananisikia, sasa anakuja. Kisha ikapanda tena."

Théodore alitafuta mahali pa kukaa, hakuona, akakaa chini.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini nayo?" Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka, kama ya mtu mzima kuliko yeye. "Nilikuwa nakungoja useme weye."

Hawakuweza kuendelea siku ile. Wiki iliyofuata simu haikulia. Théodore alikaa nayo magotini tangu kutoka kanisani mpaka mandazi yakaisha na Emérance akamwaga majivu. Wiki ya pili yake vilevile haikulia. Alianza kujiambia kwamba amefanya haki kusema kweli, na kwamba Divine hadaiwi jibu. Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini hayakumpa joto lolote.

Wiki ya tatu ililia.

Walizungumza juu ya mvua, mitihani, bei ya mafuta ya mawese Kisangani. Mkono unafungua na kufunga, alisema Divine, isipokuwa kidole kimoja. Théodore hakuuliza kuhusu kurudi. Yeye mwenyewe akalitaja: "Sijui kama nitarudi, papa. Usiningoje sana."

"Sawa."

"Uko wapi sasa?"

"Uani. Naona njia."

"Nani anapita?"

Théodore akainua macho. "Mama wa mapacha, na bidoni mbili. Sasa anazitua. Emérance anamupa mandazi ya moto. Bibi ya Hubert ametoa kiti kwa lango, anachagua mchele. Ile mwalimu wa zamani wa shule yako ya primaire, mwenye kuchechemea, naye huyu."

"Bado yuko muzima?"

"Yuko. Ananisalimia."

"Mwingine?"

Akaendelea kuwataja, mmoja baada ya mwingine, na wale asiowajua akawaeleza kwa nguo zao. Divine alisikiliza mpaka yuniti za simu yake zikaisha.